Kioo Kilichotazama Paa

Asubuhi ile mume wangu alipokuja kunichukua nyumbani kwetu Satellite, kioo cha ndani cha Landrova ya kazini kwake kilikuwa kimegeuzwa kikatazama paa. Sikuuliza. Nilijua ni kwa ajili ya mama yangu, ambaye tulikuwa tunapitia Mountain View kumchukua kwa dada yake, na ambaye angekaa kiti cha nyuma kabisa safari nzima. Kwetu magharibi, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono, hali naye meza moja, halali naye chini ya paa moja, na akitaka kumpa kitu hukiweka chini ili mama akiokote mwenyewe. Wakikutana njiani, mmoja hupinda kichakani mpaka mwenzake apite. Nairobi haina vichaka vya kutosha, ndiyo maana kioo kikageuzwa.

Siku nyingine ningemtania. Ningemwuliza kama akikutana na trafiki atamwambia paa halina kasoro. Lakini nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika mbili, na utani wangu wote ulikuwa umehama.

Wazee wetu husema heshima hiyo ikivunjwa, mkwe akigusana ngozi kwa ngozi na mama mkwe, mikono hutetemeka. Ya nani, hawasemi. Inaweza kuwa ya mkwe, inaweza kuwa ya mama, na kama katikati yao kuna mtoto tumboni, basi yake ndiyo iliyo laini kuliko yote. Mama yangu aliliamini jambo hilo kama alivyoamini kwamba jua huchomoza mashariki. Mimba ya pili ilipotoka, aliniita kando akaniuliza polepole kama kwa bahati mbaya mume wangu hakuwahi kumpokea kikombe mkononi siku ya harusi, kwenye msukumano ule. Mimi nilikuwa mtu wa ofisi, napiga chapa kwa wakili mmoja katikati ya mji, na nilikuwa nimezoea kuyaita mambo kama hayo ya zamani. Ila mtu aliyepoteza mara mbili haiti kitu cha zamani kwa sauti kubwa.

Safari yenyewe ilikuwa ya kazi. Mume wangu aliendesha watalii wa kampuni ndogo iliyokuwa na ofisi mjini. Tajiri wake, aliyeishi Lavington nyuma ya ukuta wa mawe, alikuwa amesikia kwamba huko chini bondeni, ukishaacha lami mbele ya Mai Mahiu, kuna mahali matope yanachemka yenyewe kutoka ardhini, na hapo karibu kuna mwamba wenye michoro ya kale. Akawaza kuwauzia wageni safari ya nusu siku, waende asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Akamwambia mume wangu achukue gari Jumamosi akaijaribu njia, ahakikishe saa ya chakula gari liko nyumbani kwake.

Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa la magoti ya mama. Alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa magoti, na vidonge alivyopewa mjini alivipokea kwa adabu, akavifungia kwenye kitambaa, havikuonekana tena. Wanawake wa kanisa lake walikuwa wamemwambia matope ya moto huponya miguu. Niliposema tu kwamba mkwe wake anakwenda mahali penye matope ya moto, aliniuliza gari hilo lina viti vingapi.

Nilimweleza kuwa njia ni mbaya. Akasema hata njia ya kwao ni mbaya. Nikamkumbusha kwamba mkwe wake ndiye dereva. Akasema Landrova ni ndefu. Ikabaki mimi, kwa sababu bila mimi hao wawili wasingeweza kusemezana hata neno, na mume wangu hakutaka niende, na mama hakutaka niende, na wote wawili walijua kwamba nisipokwenda mama haendi.

Tulipofika Mountain View, mume wangu alishuka, akaenda kusimama mbele ya ukuta wa nyumba ya mama mdogo akiutazama kana kwamba umeandikwa. Mama akatoka, akapanda kwa mlango wa nyuma wa gari. Nilitundika leso yangu nyuma ya viti vya mbele ikawa pazia, nami nikakaa kiti cha katikati. Ndipo dereva wetu akarudi.

"Mwulize mama kama hajambo," akasema.

Nikageuka nikasema anauliza hujambo. Mama akasema nimwambie hajambo, na yeye je. Nikageuka tena. Kati yao hapakuwa na hata urefu wa kitanda na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri, lakini maneno hayakuwa yamefika mpaka yapite kwangu. Ofisini kwetu tulikuwa na dada mmoja wa kuunganisha simu, na siku hiyo nilimhurumia kwa mara ya kwanza.

Tukashika Waiyaki Way, tukapita Uthiru na Kikuyu, tukateremka ukingo wa bonde. Mpaka Mai Mahiu mambo yalikuwa shwari. Tulipoacha lami, vumbi likaingia hata palipofungwa, na gari likaanza kupanda mawe na kutumbukia mitaroni. Nilishika tumbo kwa mikono miwili. Kila tulipogonga, mume wangu aliuliza kama niko sawa, na nyuma mama aliuliza hivyohivyo, nami nikawajibu wote wawili kwa ukali ambao haukuwa wa lazima. Niliogopa. Nilikuwa nahesabu kila mtikiso kana kwamba kuna mahali nitakwenda kushtaki.

Penye maduka ya mwisho tulimpata mwanamume mmoja wa Kimaasai, wa makamo, aliyekubali kutuonyesha mwamba. Akakaa mbele. Aliitazama leso, akakitazama kioo, akamwuliza mume wangu nyuma yake kuna nani. Mume wangu akamweleza. Yule bwana akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua, hakugeuka nyuma tena mpaka tunafika.

Mwamba ulikuwa umeinama mbele ukafanya kivuli kikubwa, chini yake majivu ya zamani na mifupa. Yule bwana alieleza kwamba hapo ndipo vijana wao wa rika la moran walipokuja kuchinja na kula nyama, mbali na nyumbani, na waliochora ukutani ni wao na waliowatangulia. Kisha akasema, kwa upole, kwamba wanawake hawapandi pale. Nyama ya moran haitazamwi na mwanamke.

Nilikuwa nimetikiswa asubuhi nzima. Nikasema hakuna nyama hapo sasa, kuna majivu tu. Mama akanivuta nguo.

"Keti," akaniambia. "Hawa ni watu wenye kwao."

Akatandaza shali juu ya jiwe, akaketi huku uso wake umetulia kuliko nilivyouona tangu aje Nairobi. Alikuwa amekuta watu wengine wanaojua kwamba kuna vitu havitazamwi. Mimi nilikaa juani nikiwa nimenuna. Kwa hiyo nimekwenda mpaka kwenye michoro ya kale na sikuiona, ila ukingo mmoja wa kitu chekundu chenye mistari myeupe, ambacho mume wangu aliniambia baadaye ni ngao. Alisema ziko ngao nyingi na ng'ombe wenye pembe ndefu, na juu yake moshi wa mafuta umeganda mweusi. Alisema wageni watapenda. Nikamwuliza kama wageni wake wanawake atawaambia waketi juani kama sisi. Akakuna kichwa.

Yule bwana alikuwa na ng'ombe wa kunywesha, akasema atakuja kwa miguu atukute kwenye matope. Kabla hajaondoka alituonya. Gari lisimame nyasi zinapoishia. Ukiona ardhi nyeupe, hiyo ni ngozi tu, kama ile ya juu ya maziwa, na chini yake ni moto. Tupite mbuzi walipopita.

Mahali penyewe palinuka mayai yaliyooza. Kulikuwa na vilima vidogo vya tope la kijivu, vingine havifiki goti, na kila kimoja kilikuwa na mdomo juu ukitokota na kutema kama sufuria ya ugali kabla unga haujakaza. Mvuke ulitoka ardhini kwenye nyufa ambazo huzioni mpaka usimame juu yake. Mume wangu alisimamisha gari kwenye nyasi kama alivyoagizwa, akaenda zake nyuma ya jiwe kubwa akatupa mgongo. Mama akafunua magoti. Nilichota tope la pembeni lililokwisha poa kwa beseni, nikampaka, naye akafumba macho akawa anaguna kwa raha. Sitasema uongo, kwa muda mfupi nilifurahi nikasahau tumbo.

Jua likapanda. Mume wangu akapaza sauti kutoka nyuma ya jiwe kwamba tajiri anangoja gari. Mama alipanda nyuma, magoti yako wazi na tope halijakauka, hakutaka kuliosha. Leso ikashushwa vizuri. Dereva akaingia.

Pale tuliposimama palikuwa pembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine nyasi kidogo halafu ule weupe. Ili kugeuka ilibidi arudi rivasi. Kioo cha kulia kilionyesha mwamba. Cha kushoto kilikuwa kimerukiwa na tope. Kile cha ndani kilitazama paa. Dereva mwingine yeyote angegeuza shingo akatazama nyuma, lakini nyuma aliketi mama mkwe wake, magoti wazi, na leso ile isingemsitiri kwa mtu anayeifunua ili aone njia. Hakugeuka. Akaniambia nimwelekeze.

Kioo cha mlango wa nyuma kilijaa vumbi. Aliyekuwa karibu nacho ni mama. Kwa hiyo mama aliona, akaniambia, nami nikamwambia dereva. Njoo. Njoo. Njoo kidogo. Halafu mama akasema, kwa haraka lakini kwa sauti ya chini kwa sababu hakuzoea kumwamuru mkwe, "Mwambie asimame, kuna nyeupe."

Nikasema simama. Neno lilikuwa limepita kwa watu wawili, na gari likafika kabla yake. Gurudumu la nyuma lilitoboa ile ngozi, likazama kwa kishindo, na sehemu yote ya nyuma ikainama. Mvuke ukapanda ubavuni mwa gari.

Mume wangu alizima injini. Alisema tushuke wote kwa milango ya mbele, taratibu, na tukanyage nyasi. Mimi nilishuka. Lakini ili mama apite mbele ingebidi apande juu ya viti, magoti wazi, ajikokote karibu na bega la mkwe wake. Nilimwona anapima. Kisha akafungua mlango wa nyuma, ulio wake, akateremsha mguu.

Ulizama mpaka goti. Akauleta wa pili kujisaidia, nao ukazama. Alipojaribu kujigeuza ashike gari, alizama mpaka mapajani, na gauni likaelea juu ya tope likimzunguka. Hakupiga kelele. Alisema jina langu tu, mara moja, la utotoni.

Nilikimbia. Mume wangu alinikamata kiunoni akanirudisha nyuma kwenye nyasi.

"Wewe usisogee," akasema. "Hata hatua moja."

"Mzuie hapohapo," mama akasema.

Hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza kati yao ambalo halikupita kwangu, na hakuna aliyelitambua wakati huo.

Mume wangu aling'oa leso yangu garini, akaisokota, akamrushia mama ncha moja. Mama aliishika. Akavuta. Mikono ya mama ilikuwa na tope, ikateleza, leso ikarudi tupu. Akarusha tena, ikateleza tena. Alitafuta fimbo, hapakuwa na mti. Kamba ya kuvutia gari ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, upande uliozama. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi na nilikuwa nalia waziwazi.

"Mwambie mama anipe mkono," mume wangu akasema.

"Mama, anasema umpe mkono."

"Asinishike. Mwambie asinishike. Una mtoto tumboni."

"Mwambie akikataa tutamwacha hapa."

Niliyarudia maneno yote hayo. Mpaka leo siamini. Mama yangu alikuwa anazama, mume wangu yuko hatua chache kutoka kwake, nami nilikuwa katikati nikiyabeba maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu, kila neno kama lilivyo, na hakuna kati yetu sote watatu aliyejua njia nyingine ya kusema. Hasira ilinipanda kwa wote wawili. Nikapaza sauti kwamba wanamwua mtu kwa adabu.

Mama akasema, polepole, "Inachoma sasa."

Lisilobudi hutendwa. Mume wangu aliingia garini kwa mbele, akapanda juu ya kiti chake, akapanda juu ya kiti changu, akafika kwenye kiti cha mama ambako tangu asubuhi hakuthubutu hata kupatazama. Akalala kifudifudi mlangoni, nusu ya mwili nje. Uso wake ukawa mbele ya uso wa mama, karibu sana. Miaka minne ya ndoa na walikuwa hawajawahi kuonana hivyo.

"Mama," akasema, "lete mkono."

Mama alinitazama mimi, akashusha macho mpaka tumboni kwangu, akakaa hapo. Kisha akafumba macho akasema kwa sauti ya chini maneno ya lugha yetu, ambayo sikuyasikia kwa sababu ya kutokota kwa matope. Alipomaliza alinyoosha mikono yote miwili, mume wangu akaikamata kwenye vifundo, ngozi kwa ngozi, akavuta.

Alitoka kidogokidogo, na kiatu kimoja kikabaki. Miguu yake chini ya magoti ilikuwa imekuwa myekundu, ngozi imeanza kuinuka. Mume wangu alimburuta ndani ya gari akampitisha mpaka mbele, akamketisha kwenye nyasi, kisha akaenda mbali akasimama akitupa mgongo, mikono yake ameishika mbele kama mtu aliyebeba kitu asichojua pa kukiweka. Mama alijifunika kichwa kwa leso yangu yenye tope. Hakuna aliyesema asante na hakuna aliyesema pole.

Yule bwana wa mwamba alitukuta hivyo. Aliita wenzake wawili, wakajaza mawe na nyasi chini ya gurudumu, wakasukuma mpaka gari likatoka.

Tukarudi bila pazia. Kioo bado kilitazama paa. Njia nzima nilisikiliza tumbo langu, na mtoto hakucheza. Nilijiambia amelala. Watoto hulala gari likitembea, niliwahi kusikia hivyo. Tulipofika Uthiru, mama akasema kutoka chini ya leso:

"Mwambie kilichoanguka kwenye tope kibaki kwenye tope."

Nikamwambia. Akasema nimwambie amesikia.

Gari lilioshwa Kangemi kabla ya kupelekwa Lavington, na chakula cha mchana kilikuwa kimeshapita zamani. Tajiri aliambiwa njia ile haiwafai wageni, akanuna, mambo yakaisha. Ila nyumbani kwetu hayakuisha. Wiki iliyofuata mume wangu alikuja na blanketi kubwa jipya, zito, la rangi ya damu ya mzee. Kwetu jambo kama hilo husafishwa kwa mkwe kumpa mama mkwe blanketi. Nilimpelekea mama. Akalikataa. Alisema akilipokea, watu watauliza ni la nini, na wakishajua ni la nini watanitazama mimi tumbo. Blanketi likarudi Satellite, likakaa juu ya kabati katika mfuko wake wa plastiki.

Miezi minne iliyobaki sitaisahau. Mtoto asipocheza, niliogopa. Akicheza, niliogopa zaidi. Nilikuwa nalala chali, kiganja tumboni, nikijiuliza kama huko ni kurusha mateke au ni kutetemeka. Ofisini nilikosea barua mpaka wakili akaniuliza kama nimefiwa. Mume wangu hakulisema jambo hilo hata siku moja, lakini nilimwona mara nyingi akinyoosha mikono yake mezani akiitazama.

Akazaliwa msichana, mzima, mwenye sauti. Mama alifika hospitalini akiwa bado na vumbi la basi. Hakumtazama uso. Alimfunua shuka, akatoa mikono yote miwili, akaiangalia. Na ile mikono ikatetemeka. Ilitetemeka, vidole vimefunguka, kisha ikatulia, kisha ikatetemeka tena. Mama aliketi kitandani karibu na miguu yangu. Muuguzi aliyepita alituona nyuso zetu akauliza kuna nini, akacheka, akasema watoto wote wachanga hufanya hivyo, mngoje akue.

Tukangoja. Siku moja, akiwa na miezi miwili hivi, alikamata ukingo wa leso yangu, ileile, akaushika kwa nguvu hata nikashindwa kuuondoa. Mkono wake ulikuwa umetulia tuli. Nililia, nikampigia mama simu, na mama naye akalia, na mara hiyo nilicheka kwa sauti nikasema si unaona, mambo ya zamani.

Mwanangu alikuwa ameanza shule mama alipoacha kumwaga chai kwa bahati mbaya akaanza kuimwaga kila siku. Kwanza ulitetemeka mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Alikuja tena Nairobi, akakaa tena Mountain View, na daktari mmoja mjini alinieleza vizuri sana kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, huwapata wazee, hauna uhusiano na jambo lolote mtu alilofanya. Nilimweleza mama neno kwa neno. Alikuwa amekaa sebuleni, na binti yangu amemshikia kikombe kwa mikono miwili anywe.

"Daktari alikuwa kwa matope siku hiyo?" mama akauliza.

Nikainama kutafuta viatu vyake chini ya kiti.

"Mimi nilikuwa. Na nilisema. Kama ni lazima kuna mikono itetemeke, itetemeke hii ya mzee. Ya mtoto iachwe." Akatazama vile vidole vidogo kwenye kikombe. "Unaona hata tone halimwagiki?"

Nilikasirika. Nilimwambia hakuna kitu kama hicho, kwamba ni ugonjwa, una jina, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa anakaa akiungoja kama mtu anayengoja mgeni. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema tutachelewa kliniki.

Nje mume wangu alikuwa anatungoja na gari letu dogo, kioo amekigeuza juu kama kawaida. Ilikuwa Julai, baridi inauma. Alikuwa amelileta lile blanketi, bado katika mfuko wake, na alipomwona mama anatoka mlangoni alitazama pembeni, akapiga hatua mbele, akainama kuliweka chini kwenye nyasi ili mama aliokote.

Mama hawezi tena kuinama. Mimi nikasogea nilichukue nimpe.

"Usiweke chini," mama akasema.

Nilifungua mdomo nimwambie mume wangu, kisha nikaona hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama yeye.

"Si mikono imeshatetemeka?" mama akamwambia. "Sasa tunaogopa nini? Nipe mkononi."

Mume wangu akamwinukia taratibu, akampa. Blanketi lilitetemeka kati yao, na hakuna aliyeliachia haraka.